Blanketi Kati ya Vitanda Viwili

Rimoti huwa na mwenyewe. Sebule ikijaa Jumapili jioni, baba mkwe kwenye kochi kubwa, shosho kando yake, watoto mkekani, kuna mmoja anayeishika kama askari wa zamu, kidole juu ya kitufe, kwa sababu filamu ya mapenzi haiaminiki. Dakika yoyote wale wawili wataanza kuvuana nguo, na hapo mtu atakumbuka chai aliyoacha jikoni, mwingine atakohoa, na mtoto atauliza swali. Filamu za zamani za mapenzi na vichekesho, zile za Hollywood za kuanzia 1934 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, pamoja na binamu zao wa Bombay wa miaka ya 1970, humruhusu mwenye rimoti kuiweka mezani na kunyoosha miguu. Wengi huzitafuta kwa sababu hiyo tu. Utamu wenyewe uko kwingine, lakini huo ni mlango mzuri wa kuingilia.

Husemwa kwamba zilikuwa safi kwa kuwa watu wa zamani walikuwa na adabu. Sivyo. Zilikuwa safi kwa kuwa kulikuwa na mkaguzi. Kampuni za Marekani zilikuwa na kanuni za maadili tangu 1930, nazo zilipuuzwa hadi Julai 1934, ofisi ya Joseph Breen ilipopewa meno: filamu isiyo na cheti chake ilikosa kumbi kubwa. Kanuni zilidumu hadi 1968, ingawa zilianza kulegea mapema. Mwaka 1959 Billy Wilder alitoa Some Like It Hot bila cheti na watu wakaijaza kumbi. Katika miaka hiyo yote, mwandishi aliyetaka kuonyesha kwamba wawili wanatamaniana ilibidi atafute kitu cha kusema kwa niaba yao: mlango, simu, barua, kofia iliyosahauliwa, usiku wa mvua. Aliyekulia nyumba yenye kanga anaelewa mara moja. Mvaaji hatamki neno, na aliyekusudiwa ameshasoma.

Chukua It Happened One Night ya Frank Capra. Ilitoka Februari 1934, miezi michache kabla ya Breen kukaza kamba, kwa hiyo hila yake haikuwa ya kulazimishwa sana. Ilikuwa akili tu. Binti wa tajiri anamtoroka babake, anapanda basi Miami kwenda New York, na kando yake anaketi mwandishi wa habari aliyefutwa kazi, Clark Gable. Pesa zinawaishia. Usiku mmoja wanalazimika kulala chumba kimoja chenye vitanda viwili. Mwanamume anafunga kamba kati ya vitanda, anatundika blanketi, analiita ukuta wa Yeriko. Basi. Filamu nzima imening'inia kwenye kamba hiyo. Ilitwaa Oscar 5 zilizo kubwa kuliko zote: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mswada. Hakuna anayemvua mwenzake chochote.

Funzo la kwanza, na la maana kuliko yote yatakayofuata, ni hili: ukikaa kutazama filamu ya aina hii, tafuta blanketi lake. Katika The Shop Around the Corner ya Ernst Lubitsch (1940) blanketi ni barua. Wafanyakazi wawili wa duka moja la bidhaa za ngozi mjini Budapest hawapatani mchana kutwa, na usiku kila mmoja anamwandikia mpenzi wa barua asiyemjua, bila kujua kwamba ndiye yule yule wa kaunta ya pili. Katika Pillow Talk (1959) ni laini ya simu ambayo Doris Day na Rock Hudson wanagawana, kila mmoja akiinua mkono wa simu anamkuta mwenzake anaongea. Watoto wa leo hawajui laini ya kugawana ni nini, na ukiwaeleza kiufundi watasinzia. Waambie ni kama ploti yenye mita moja ya stima, mpangaji mmoja anapasha pasi na mwingine anapika, tokeni zinaisha na kila mtu anamlaumu mwenzake. Wataelewa kabla hujamaliza sentensi. Kuna pale wote wawili wako bafuni, kila mmoja kwake, skrini imegawanywa katikati, na nyayo zao zinaonekana kana kwamba zimegusana kwenye mstari. Huo ndio uchafu wote uliomo.

Filamu isiyo na blanketi, hata iwe na waigizaji wazuri kiasi gani, ni watu wawili wanaosubiri dakika 90 ziishe. Hapo ndipo nyingi za kisasa hukwama: hakuna kinachowazuia, kwa hiyo mwandishi hulazimika kuwapa ugomvi wa kijinga karibu na mwisho.

Kizuizi hicho huwa kinapigwa picha kwa namna moja: wote wawili ndani ya fremu moja, kwa muda mrefu, bila kukatakata. Unamwona anayesema na unamwona anayeumwa na maneno. Kichekesho kiko kwenye uso wa pili. Ndiyo maana makosa ya runinga, ambayo kwenye filamu ya magari na bunduki hayaleti hasara kubwa, huiua filamu hii kabisa. Watu hutazama dakika 20, husema "ya zamani, inachosha", na kumbe walichotazama hakikuwa filamu iliyotengenezwa.

Kosa linaloongoza ni upana. Filamu za kabla ya 1953 zina umbo la karibu mraba, upana 1.37 kwa kimo 1. Runinga za sasa ni 16:9. Kwenye runinga ya inchi 43, ambayo kioo chake kina upana wa sentimita 95 hivi, picha sahihi itachukua sentimita 73 katikati na kuacha utepe mweusi wa sentimita 11 kila upande. Utepe huo humkera mwenye runinga. Amelipia inchi 43, anataka inchi zake zote. Basi anabonyeza kitufe cha umbo la picha mpaka kioo kijae, na hapo moja kati ya mabaya mawili hutokea. Ama picha inavutwa, na kila mtu ananenepa kwa asilimia 30, Audrey Hepburn anakuwa na shingo ya mama mboga aliyebeba gunia. Ama inakuzwa, na karibu robo ya kimo inakatwa juu na chini. Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya kofia. Ukikata juu umekata kofia, na ukikata chini umekata mikono, na kwa Lubitsch mikono huongea kuliko midomo.

Namna ya kupima ni rahisi: tafuta duara. Gurudumu, saa ya ukutani, sahani. Likiwa yai, rekebisha. Faili nyingi za sasa zimeshawekewa utepe mweusi ndani yake, kwa hiyo runinga ibaki kwenye 16:9 ya kawaida na usiguse kitu. DVD za zamani ndizo huhitaji kuambiwa 4:3. Ukiweka 4:3 kwenye faili ambayo tayari ina utepe, watu watakonda mno. Hilo nalo ni kosa, ila linafanywa mara chache. Pillow Talk ni kinyume cha hizo zote, ni pana, 2.35 kwa 1, na kwenye runinga hiyo hiyo itaacha utepe wa sentimita 6 na nusu juu na chini. Ukiikuza ijae, unakata pembeni, na kwa filamu iliyogawa skrini katikati hiyo ni sawa na kung'oa mlango.

La pili ni ulaini. Filamu hizi zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewashiwa kitu cha kubuni picha za katikati ili mpira wa miguu uonekane laini. LG huita TruMotion, Samsung wakaita Auto Motion Plus. Kwenye ligi inasaidia. Kwenye filamu ya 1940 inafanya waigizaji waonekane kama wanaosoma habari studio. Zima. Kisha toa runinga kwenye hali ya rangi kali na uiweke kwenye ile iliyoandikwa Movie au Cinema. Filamu ya nyeusi na nyeupe ikionyesha rangi ya samawati au kijani kwenye mashavu, shusha kiwango cha rangi hadi 0. Kwa The Shop Around the Corner hili si urembo: kuna pale mkono wa Margaret Sullavan, umevaa glavu, unapapasa ndani ya kisanduku cha posta kutafuta barua ambayo haipo, kisha uso wake unachungulia kupitia tundu lile lile. Runinga iliyozidishwa mwanga hukuonyesha mkono tu.

Sasa sauti, na hapa Nairobi tuna shida yetu wenyewe inayoitwa woofa. Nyumba nyingi zina ile spika kubwa ya chini yenye taa za rangi, na imeongezwa besi mpaka madirisha yatetemeke kwa ajili ya miziki. Filamu za zamani zina sauti ya mkondo mmoja, haina besi ya kujivunia, na maneno ndiyo mali yote. Ukiipitisha kwenye woofa hiyo, mazungumzo yanageuka mvumo wa matatu iliyosimama na injini inanguruma. Punguza besi karibu na sifuri, ongeza treble kidogo, zima mambo yote ya sauti ya kuzunguka. Spika moja ndogo chini ya runinga, katikati, inatosha chumba cha watu 12. Iunganishe kwa waya. Ukitumia Bluetooth sauti huchelewa, midomo inafunga kabla neno halijafika, na katika filamu ya kujibizana hilo hulemaza mzaha. Ukilazimika, na unatumia programu ya VLC kwenye kompyuta, vitufe J na K husogeza sauti kwa milisekunde 50 kila mguso.

Maandishi ya tafsiri yana adabu zake. G na H ndivyo vitufe vyake kwenye VLC, pia milisekunde 50. Lakini kuna kuachana ambako vitufe haviponyi: mwanzo maandishi yako sawa, kufikia nusu ya filamu yamechelewa au yametangulia dakika mbili. Hiyo ni dalili kwamba filamu yako inatoka kwenye DVD ya Uingereza na maandishi yametengenezewa nakala ya Marekani, au kinyume chake. Za Uingereza hukimbizwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu ya dakika 105 huisha kwa dakika 101 hivi na sauti hupanda kidogo. Usipoteze jioni ukisukumasukuma. Tafuta maandishi mengine yaliyotengenezewa nakala kama yako. Na kwa vile tuko kwenye DVD: Kenya iko eneo namba 5. Diski aliyokuja nayo shangazi kutoka Marekani ni eneo namba 1, ya Uingereza au Afrika Kusini ni 2, na mashine ya sebuleni inaweza kuikataa. Kompyuta yenye VLC mara nyingi huisoma.

Wenye flashi hukutana na ukuta mwingine. Filamu nzuri ya ubora wa juu hupita gigabaiti 4, na flashi iliyoandaliwa (format) kwa mfumo wa faili uitwao FAT32 haipokei faili kubwa kuliko hapo. Inakuambia faili ni kubwa mno na wewe unaona gigabaiti 20 ziko wazi. Iandae kwa NTFS au exFAT, lakini ichomeke kwenye runinga utakayotumia na ucheze dakika mbili kabla ya siku yenyewe, kwa sababu runinga za bei nafuu hukataa moja au nyingine. Angalia pia nakala yenyewe. His Girl Friday ya 1940 na Charade ya 1963 hazina tena hakimiliki Marekani, kwa hiyo kila mtu amezinakili, na nakala nyingi ni chafu, zina mikwaruzo na sauti ya kisima. Sikiliza dakika tano za kwanza. Usipopata maneno kwa urahisi ukiwa peke yako chumbani kimya, chumba chenye watoto hakitapata hata moja.

Shosho asiyefuata Kiingereza atafanyaje? Nairobi imezoea kusimuliwa filamu; DJ Afro amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi na watu humpenda. Ila mtindo wake ni wa ngumi na risasi, msimuliaji anajaza kila pengo. Huku pengo ndilo lenye filamu. Anayesimulia filamu ya mapenzi ya zamani anapaswa kusema mambo matatu: hawa ni nani, kila mmoja anamficha mwenzake nini, na mara moja moja neno lililobeba kichekesho. Aliseme baada ya mwigizaji, si kabla. Wakinyamaza kwenye skrini, naye anyamaze. Asijaribu kutafsiri His Girl Friday mstari kwa mstari. Waigizaji wale wanaongea juu ya maneno ya wenzao kwa makusudi ya mwongozaji Howard Hawks, na hakuna mwanadamu atakayewafikia.

Kuhusu ipi ianze, tunashauri kwa msisitizo kuliko jambo jingine lolote kwamba usianze na iliyosifiwa zaidi na wakosoaji. Bringing Up Baby (1938) iko kwenye kila orodha. Ina Katharine Hepburn, ina Cary Grant, ina chui. Pia ina kelele mfululizo kwa dakika 102, na ilipotoka haikuingiza pesa; watazamaji wa kwanza hadi leo hutoka wamechoka. Anza na Roman Holiday ya William Wyler (1953). Binti mfalme aliyechoshwa na ratiba anatoroka usiku mjini Roma, analala benchi, anaokotwa na mwandishi wa habari anayegundua kesho yake amemwokota nani na hasemi. Ilipigwa Roma yenyewe, si kwenye mabati ya Hollywood, na Audrey Hepburn alipata Oscar kwa hiyo. Iko pale kwenye Mdomo wa Kweli, uso wa jiwe unaosemekana kung'ata mkono wa mwongo: Gregory Peck aliingiza mkono, akautoa bila kiganja, amekificha ndani ya mkono wa koti, bila kumtahadharisha mwenzake. Ule ukelele ni wa kweli. Chumba chote hupiga ukelele naye. Iruhusu dakika 118, na uwatahadharishe waliozoea tamthilia za jioni, zinazoburura harusi moja miezi sita, kwamba hapa hakuna hata harusi moja mwishoni.

Ya pili iwe ile ya basi na blanketi. Ya tatu, Chupke Chupke ya Hrishikesh Mukherjee (1975), hasa ikiwa kuna wazee waliozoea filamu za Kihindi enzi za sinema ya Shan pale Ngara, jengo ambalo sasa ni Sarakasi Dome, au waliokuwa wakienda sinema ya magari ya Fox, Barabara ya Thika, wakiwa wamelala kwenye kiti cha nyuma cha gari. Profesa wa mimea, Dharmendra, anajifanya dereva ili amtanie shemeji wa mkewe anayetaka dereva wa Kihindi safi. Hapa Nairobi haihitaji maelezo. Kila familia ina mjomba wa Kiswahili sanifu na mpwa wa Sheng', na dereva anayekataa kutamka neno la Kiingereza hata linapohitajika anachekesha mtaani Umoja kama anavyochekesha Bombay.

Kisha The Shop Around the Corner, dakika 99, ukiweza Desemba maana inaishia mkesha wa Krismasi. Waliowahi kuona You've Got Mail ya 1998 wataitambua. Ni hadithi ile ile imehamishiwa kwenye barua pepe. Baada ya hapo chumba kimeshajifunza kusikiliza, na unaweza kuwapa Bringing Up Baby pamoja na chui wake.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wanaozisifia filamu hizi kama peremende hulisahau. Zina kifo ndani. Katika The Shop Around the Corner mwenye duka anajaribu kujiua kwa bastola. Katika Sabrina ya Wilder (1954) binti wa dereva anajifungia gereji na kuwasha magari yote. His Girl Friday ina mwanamume anayesubiri kunyongwa na mwanamke anayejirusha dirishani, katikati ya vichekesho. Hatujaziondoa kwenye orodha kwa sababu hiyo. Wepesi wake una uzito kwa kuwa watu hawa wangeweza kupotea, na mtu akawadaka. Ila waambie watu kabla. Huwezi kujua nani amezika nani mwaka huu, na si haki mtu aalikwe kucheka halafu akutane na gereji imefungwa.

Na mengine yamechacha tu. The Philadelphia Story (1940) inafungua na mume anamsukuma mkewe usoni hadi aanguke, na ulikuwa mzaha. His Girl Friday ina utani wa kuwadharau Weusi. Breakfast at Tiffany's (1961) ina Mickey Rooney aliyechorwa awe Mjapani, na hakuna namna ya kuitetea. Filamu hizi ni za Wazungu matajiri wanaohudumiwa, na sisi tunapoonekana huwa tumebeba sinia. Asiye na watoto chumbani anaweza kuliacha bila kulisema. Aliye nao, aitazame mwenyewe kwanza filamu nzima, kalamu mkononi, aandike dakika, kisha aamue: kusimamisha na kusema neno moja, au kuchagua nyingine. Kurukia mbele kwa haraka huwafanya watoto waulize zaidi.

Mambo ya jioni yenyewe ni machache. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, halitofautiani sana, kwa hiyo mwenye projekta na shuka nyeupe asijaribu kabla ya saa moja. Ukianza saa moja kamili, filamu ya dakika 105 inaisha saa tatu kasorobo, na anayerudi Rongai bado ana matatu. Shuka ipigwe pasi na ivutwe pembe nne. Mkunjo mmoja unaweza kupita kwenye pua ya mtu saa nzima. Nyumba ya mabati na mvua ya Aprili haziivani na mazungumzo. Usiongeze sauti. Simamisha, watu wanywe chai, endelea ikipungua. Stima ikipotea, kompyuta iliyojaa chaji inatosha watu watano wakisogeleana, na walio nyuma watasikiliza, ambalo kwa filamu hizi si adhabu kubwa.

Usiigeuze biashara kimya kimya. Kuonyesha nyumbani kwa familia ni jambo moja. Kukodi ukumbi wa mtaa na kutoza shilingi 100 mlangoni kunahitaji idhini ya Bodi ya Uainishaji Filamu, KFCB, na ya mwenye haki za filamu.

Chakula kina kelele. Krisi za pakiti ni adui, kila mkono unaoingia unafuta neno. Bisi ni sawa zikiwa kwenye mabakuli, si kwenye karatasi ngumu. Nusu kilo ya mahindi ya bisi inatosha watu 12 na watoto watabakisha sakafuni. Kwa filamu ya basi, pika mandazi. Kuna pale wanapata kifungua kinywa baada ya usiku wa kwanza wa blanketi, na mwandishi wa habari anamfundisha binti wa tajiri jinsi ya kuchovya donati kwenye kahawa: usiache ikae, chovya na utoe, la sivyo inalainika na kudondoka. Nairobi nzima inajua somo hilo kwa mandazi na chai. Watu 12 kwa vikombe viwili vidogo kila mmoja ni lita 5, nusu maji nusu maziwa, vijiko vikubwa 5 au 6 vya majani, tangawizi iliyopondwa ya ukubwa wa kidole gumba. Chemsha dakika 10 kabla ya filamu, weka kwenye thermosi, mimina kifungua kinywa hicho kikikaribia. Utasikia chumba kizima kinachovya pamoja na Clark Gable, na kuna atakayeacha lake likae mno.

Usiwashe taa mapema. Sekunde za mwisho za filamu hiyo hazionyeshi wapenzi hata kidogo: ni kibanda kinachoonekana kutoka nje usiku, wenye nyumba wanashangaa kwa nini wageni wao wameomba kamba, blanketi na tarumbeta ya kuchezea. Anayeshika rimoti, akiona hakuna mtu kwenye skrini, hudhani imeisha na kubonyeza. Mnyang'anye rimoti dakika tano kabla, na mwambie asubiri tarumbeta.